Nifungie na Mimi

Jina lake la kuzaliwa walilijua watu wa ofisini na watu wa nyumbani kwake tu. Kwenye mtaa wa maduka ulio nyuma ya stendi alikuwa Mama Kufuli, basi, na hata watoto wa shule waliopita pale kununua kalamu walimwita hivyo bila kujua kwamba ni utani. Alikuwa afisa biashara wa halmashauri. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupita mlango kwa mlango akiuliza leseni, na asiyekuwa nayo akafungiwa. Alibeba mkoba wa ngozi wenye mshipi uliolegea, na ndani yake makufuli yaligongana kwa mlio ambao wenye maduka waliutambua kabla hawajamwona mwenyewe. Mlio ule ukisikika, mtaa hubadilika. Muuza vipuri vya redio hukumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa hospitali. Mlango wa saluni hujifunga wenyewe, na mteja huachwa ndani na povu kichwani.

Wala hakuwa mtu mkali. Alikuwa na sauti ya chini, na alipokufungia alikuomba radhi, jambo lililowaudhi watu kuliko kufuli lenyewe.

"Afadhali angetutukana, tukajua moja," alikuwa akisema kinyozi wa pale kati. "Huyu anakufungia mlango huku anakuuliza watoto hawajambo."

Nyumbani alikuwa na mume, dereva wa lori aliyestaafu mapema kwa sababu ya kisukari, mtu wa mzaha usioisha. Kila jioni mkewe akirudi alimuuliza, "Leo umelaza wangapi na njaa?" Naye hujibu, "Nyamaza wewe, na wewe nitakufungia." Ulikuwa mzaha wao. Lakini siku nyingine hujibu bila kucheka, na mume akaelewa, akamwekea maji ya kuoga akanyamaza.

Ugonjwa ule ulipoingia nchini, mambo yote yalienda kombo kwa siku chache. Stendi ikapoa. Shule zikafungwa. Redio ikawa inasoma masharti kila saa: nawa mikono, vaa barakoa, kaa mbali na mwenzako, usijaze watu chumbani. Wenye maduka makubwa ya mbele walibandika mishale sakafuni wakaendelea. Kule nyuma ya stendi, ambako duka zima linaweza kuenea ndani ya chumba cha kulala, watu walikaa kwenye vizingiti vyao wakitazamana. Ukiambiwa ukae mbali na mteja, na duka lako ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, utakaa wapi?

Ndipo Mama Kufuli alipoitwa na mkuu wake wa kitengo. Mkuu huyo alikuwa kijana kwa umri, ila ugonjwa ule ulimzeesha haraka; macho yalikuwa mekundu, na meza imejaa nyaraka.

"Mama," alisema, "kazi ya leseni isimame kwanza. Kuanzia kesho unapita kwenye biashara ndogo kuwaelekeza namna ya kutimiza masharti. Na serikali imetoa ruzuku kwa walioathirika. Wasaidie kuomba."

"Mimi?"

"Nani mwingine anaujua kila mlango kule?"

Alitoka pale. Hakumwambia mkuu kilichomshtua. Kuijua milango kweli aliijua, ila milango ile nayo ilimjua yeye.

Siku ya kwanza alivaa barakoa, akapita. Mtaa ukafungwa mbele yake kama kawaida, mlango baada ya mlango. "Nimekuja kusaidia!" alisema kwa sauti kwenye uwazi wa mtaa, na nyuma ya mlango mmoja wa bati akasikia mtu akicheka mpaka anakohoa kisha akajikatiza, maana siku zile kukohoa kulitisha. Siku ya pili aliyatoa makufuli mkobani akayaacha kwenye droo ya ofisi. Mkoba ukawa kimya. Haikusaidia kitu, sasa walisema anakuja kwa kunyata.

Aliyemfungulia wa kwanza alikuwa yule kinyozi. Hakumfungulia kwa kupenda. Alikuwa na mashine kichwani kwa mteja, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, hakuwa na pa kukimbilia.

"Haya, funga," alisema bila kugeuka. "Ila niache nimalize huyu, hawezi kwenda kwao hivi."

"Sifungi. Malizia kazi yako, mimi nasubiri nje."

Kinyozi akamtazama kupitia kioo. Alikuwa mtu mnene mwenye vidole vyembamba, vidole vilivyoonekana kama vimeazimwa kwa mtu mwingine. Alimaliza kichwa kile taratibu mno, pengine akitumaini mgeni atachoka. Mgeni hakuchoka. Mteja alipotoka, Mama Kufuli akaingia, akatazama juu, chini, pembeni, kisha akauliza, "Lile bango nyuma yake kuna nini?"

Lilikuwa bango la mitindo ya nywele, limefifia mpaka vichwa vyote vimekuwa vya buluu.

"Dirisha. Tuliliziba, vumbi la magari."

"Libandue."

Wakalibandua wote wawili, kila mtu upande wake. Upepo ukaingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, ukapeperusha nywele zote za sakafuni zikawarukia miguuni. Kinyozi akacheka. Viti viwili vikatolewa nje, kikabaki kimoja. Ndoo yenye bomba ikawekwa mlangoni, na kiti cha kungojea kikahamia chini ya paa la jirani. Kinyozi alilalamika kila hatua, na kila hatua aliifanya.

Alipokuwa akiaga, Mama Kufuli alimwambia, "Jambo moja. Ukijisikia vibaya, hata homa kidogo tu, funga mwenyewe. Usingoje kuambiwa. Wanaokaa kwenye kiti hicho wana wazee majumbani."

"Nikifunga nitakula nini?"

"Ruzuku ipo. Nitakusaidia mimi mwenyewe."

Alisema hivyo akiamini. Mtaa ulipoona kinyozi ametembelewa na hajafungiwa, milango ilianza kufunguka kidogo kidogo, kwanza nafasi ya jicho, halafu ya bega. Mshona nguo mmoja, mwanamke wa maneno mengi waliyemwita Mama Pindo, alimkaribisha akampa stuli nje. Mwenye vipuri vya redio naye hakuwa na mgonjwa siku hiyo. Jioni moja Mama Kufuli alirudi nyumbani mwepesi wa miguu. Alinawa kwenye bomba la uani, akabadili nguo ukumbini kama walivyokubaliana kwa ajili ya kisukari cha mumewe, akaketi upande wa pili wa chumba.

"Leo umelaza wangapi na njaa?" mume akauliza kutoka mbali.

"Leo nimepewa stuli," akajibu, na wakaangaliana kama watu waliopewa zawadi.

Haukupita muda, kinyozi akaamka na homa. Alikuwa na wateja waliokwisha kuweka nafasi, na ilikuwa mwisho wa wiki, siku zake nzuri. Akafunga. Akawapigia simu waliokuwa wamenyolewa siku za karibuni, mmoja mmoja, akawaambia wajiangalie. Wengine walimtukana. Kisha akajilaza kwenye chumba cha peke yake, mkewe akimwachia chakula mlangoni, na akampigia Mama Kufuli.

"Nimefanya ulivyosema," alisema, sauti imekauka. "Sasa ile ruzuku."

Mama Kufuli alikwenda kwa mkuu asubuhi hiyohiyo. Mkuu akavuta waraka, akausoma kwa kidole, akausoma tena. Kisha akauweka mezani.

"Hapati."

"Kwa nini hapati? Ni mgonjwa, amefunga, hana kipato."

"Inasema biashara iliyofungwa kwa amri ya mamlaka. Huyu hakuamriwa. Amejifungia."

"Amejifungia kwa sababu ni muungwana!"

"Mama, waraka hauna kipengele cha uungwana." Hakusema kwa kejeli. Alijipangusa uso kwa viganja. "Wakisema aliyejifungia alipwe, kesho kila mtu atasema nilijifungia. Wameogopa udanganyifu. Hata mimi sikuuandika."

Mama Kufuli aliutazama waraka. Kichwani aliona jambo ambalo hakulipenda: aliyeendelea kunyoa na homa yake mpaka akakamatwa, huyo angefungiwa kwa amri, na huyo angelipwa. Aliyesikiliza neno lake yeye ndiye aliyebaki mkono mtupu. Na neno lile alilitoa yeye, mlangoni, kwa kinywa chake.

"Amri hiyo anatoa nani?" aliuliza hatimaye.

"Afisa afya akithibitisha kuna mgonjwa, au chumba hakiwezi kutimiza masharti, wewe unatekeleza."

"Kutekeleza ndiyo kufunga?"

"Ndiyo kufunga. Kufuli, kibandiko, tarehe."

"Kuanzia leo?"

"Kuanzia siku utakayofunga. Za nyuma zimepotea."

Akainuka. Akaenda kwenye meza yake, akafungua droo, akatazama makufuli yake. Alitoa moja, akapita kwa afisa afya kuchukua uthibitisho.

Kabla ya kwenda dukani alipita nyumbani kwa kinyozi, akasimama nje ya dirisha la chumba alicholala. Kinyozi alijikokota akakaa kitandani, blanketi mabegani.

"Nimekuja kuomba ruhusa," Mama Kufuli alisema. "Nikufungie."

Akamweleza. Kinyozi alisikiliza, kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu, mkewe akapiga kelele kutoka jikoni amwache mgonjwa wa watu apumzike.

"Miaka yote unanifungia nalia," alisema alipopata pumzi. "Leo unakuja dirishani kwangu kuniomba kama unaposa. Funga, mama. Funga na madirisha."

"Dirisha nitaliacha," akasema Mama Kufuli. "Tulihangaika nalo."

Alipotundika kufuli kwenye mlango wa kinyozi, mtaa ulimwangalia kwa mdomo wazi.  Mama Pindo akaivuta ndani stuli yake. Kufikia mchana habari ilikuwa imefika mpaka stendi: yamekwisha, Mama Kufuli amerudia tabia yake, na tena amemfungia mgonjwa. Yule aliyekuwa na roho ngumu kuliko wote alisema hadharani kwamba hata shetani humwacha mtu apone kwanza.

Ni mke wa kinyozi aliyeusema ukweli, alipokwenda kununua sabuni. Alimwambia muuza sabuni, muuza sabuni akamwambia Mama Pindo, na kumwambia Mama Pindo jambo ni sawa na kulisoma redioni.

Asubuhi iliyofuata, Mama Kufuli alipofika ofisini alikuta watu wamesimama nje, wameachiana nafasi kama walivyofundishwa, barakoa usoni, wengine zimeshuka kidevuni. Karibu mtaa mzima ulikuwa pale. Watu ambao kwa miaka walikuwa wakiruka ukuta wa nyuma wakisikia mlio wa mkoba wake, leo wamekuja kumngoja mlangoni.

"Mama, nifungie na mimi," alisema mwenye vipuri vya redio, kwa unyenyekevu wa mtu aliyekuja kuomba mchumba.

"Na mimi!" Mama Pindo akapaza sauti kutoka nyuma. "Mimi nilimtangulia huyu, sema alinipita kwenye kona!"

Mkuu wa kitengo alitoka kutazama zogo, akaambiwa wanataka nini, akarudi ndani akafunga mlango. Walinzi walimsikia akicheka peke yake, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie.

Mama Kufuli hakucheka. Aliwatazama, na akaona hawafanyi mchezo. Nyuso zilikuwa zimekonda. Angeweza kuwafungia wote siku ile, na wote wangemshukuru. Pengine kwa siku chache angekuwa mtu anayependwa kuliko wote katika mji ule. Lakini ingekuwa uongo, na ruzuku ingekwisha kabla ya kuwafikia ambao kweli hawakuwa na namna. Akawaambia warudi, kila mtu asimame dukani kwake, atapita na afisa afya na kamba ya kupimia.

Walipita kutwa, na siku iliyofuata, na nyingine. Kila chumba kilipimwa. Kisichoweza kutimiza masharti hata ufanyeje kilifungwa kwa amri, na jina likapelekwa kwa ruzuku. Kinachoweza, walikaa hapohapo wakapanga namna ya kufungua. Muuza vipuri alipata kufuli lake, akalishika mkononi kwanza, akalipima uzito, akasema, "Kumbe ni jepesi," kisha akalitundika mwenyewe. Mwenye saluni aliambiwa anaweza kufungua kwa mteja mmoja mmoja. Akaona haya kufurahi mbele ya wenzake.

Kwa Mama Pindo hapakwenda vizuri. Chumba chake kilikuwa na mlango mpana wa mbele, na cherehani ingeweza kusogezwa pale, mteja akabaki nje.

"Mimi siwezi," alisema kabla hajaulizwa.

"Unaweza. Tusogeze meza hapa, nguo unapokelea dirishani, vipimo unachukua kwa nguo ya zamani ya mteja."

"Nani anashona nguo mwaka huu, mama? Harusi hakuna. Shule hakuna. Nifungie nipate cha kununua unga."

"Siwezi kukufungia wakati mlango wako unafaa."

"Kinyozi ulimwendea mpaka dirishani. Mimi nimekufuata mpaka ofisini, unanipa mgongo."

Mama Kufuli alimweleza tena, kwa sauti yake ileile ya chini, na afisa afya akaeleza pia. Mama Pindo akasogeza cherehani kwa nguvu hadi ikakwaruza sakafu, akaketi, akawapa kisogo. Hakumsemesha tena. Alifungua, akatengeneza zipu na kupunguza nguo za watu waliokonda, akapita kipindi kile kwa shida, lakini akapita. Hata mambo yalipotulia, salamu yake kwa Mama Kufuli ilibaki ya mkato, na Mama Kufuli hakumlaumu. Alijua kwamba mtu aliyenyimwa kwa haki bado amenyimwa.

Ila aliyemkosesha usingizi hakuwa yeye. Alikuwa fundi viatu.

Fundi huyu alikuwa na kibanda mwishoni kabisa mwa mtaa, chembamba hivi kwamba mteja akikaa kuvua kiatu magoti yake hugusana na ya fundi. Hakikuhitaji kamba ya kupimia. Tangu siku ya kwanza ya masharti alikuwa amekifunga mwenyewe, kwa sababu mkewe alikuwa na maradhi ya kifua, akawa anashinda nyumbani kwake uchochoro wa nyuma. Hakuja ofisini na wengine. Mama Kufuli alimfuata.

Alimkuta uani akinoa kisu cha kukatia soli, ingawa hakukuwa na soli. Mtu mrefu, mkavu, mwenye kauli fupi. Mama Kufuli akamweleza habari ya amri na ruzuku. Fundi akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa," alisema. "Sitaki."

"Hutaki ruzuku?"

"Ruzuku ningeitaka. Kufuli sitaki."

"Ni la siku hizi tu. Wote wanalo. Si adhabu."

"Mtaa ule wote umewahi kuufungia," alisema fundi, akijaribu makali ya kisu kwa kidole gumba. "Kuna mlango mmoja hujaugusa. Leseni yangu ilikuwa mahali pake kila ulipopita. Ukiingia, mimi nakupa kiti, wengine wanaruka ukuta. Kweli au uongo?"

"Kweli."

"Basi."

Mama Kufuli alirudi siku nyingine, mke wa fundi akiwepo, akitumaini mama yule atamsaidia. Mke alitokeza kichwa mlangoni, barakoa imefunika mpaka chini ya macho, akasema kwa pumzi za taabu, "Dada, mimi nimemwambia. Huyu akishasema, amesema." Kisha akarudi ndani.

Mara ya tatu hakwenda kwake. Alikwenda kibandani moja kwa moja. Afisa afya alikuwa amekwisha kutia saini, kwa sababu kibanda kile hakikuwa na mjadala. Sheria haikumtaka fundi akubali. Alikuwa na kufuli mkononi na kibandiko mfukoni, na mtaa ulikuwa mtupu, na kulitundika kungemchukua muda wa kukohoa mara moja. Baadaye ruzuku ingefika. Fundi angekasirika, angenuna kama Mama Pindo, lakini angekula.

Mlango wa kibanda ulikuwa wa mbao, na fundi alikuwa ameufunga kwa kipande cha ngozi alichokisuka mwenyewe, fundo safi, kama mtu anayekwenda kunywa maji na kurudi. Ili atundike kufuli ilibidi alikate fundo lile au alifungue. Akaligusa. Alisimama pale mpaka kiganja kikapata jasho na kufuli likaanza kuteleza. Kisha akalirudisha mkobani, akaondoka.

Jioni ile alimweleza mumewe yote, kila mtu kwenye ukuta wake. Mume hakufanya mzaha.

"Ungemfungia," alisema.

"Amekataa."

"Nani aliwahi kukubali? Miaka yote hiyo uliwauliza wangapi?"

Hilo lilimwingia. Akalizungusha moyoni usiku na mchana kwa muda mrefu. Ilikuwa kweli kwamba alipokuwa akifunga ili kuumiza hakuomba ruhusa, na sasa alipokuwa akifunga ili kusaidia ndipo mkono ukawa mzito. Lakini kila alipojiambia arudi akakate fundo lile, alimwona yule mtu mrefu akija asubuhi kutazama mlango wake, na akaona kwamba kile ambacho angempa na kile ambacho angemnyang'anya havikuwa vya kupimwa kwenye mzani mmoja.

Alijaribu njia nyingine. Aliandika kwa mkuu akiomba kibanda kihesabiwe bila kufuli. Mkuu akaliandikia ombi lile maneno ya kuliunga mkono, akalipeleka juu, na huko juu likakaa. Watu wengi walikuwa na maombi huko juu.

Kinyozi alipona, polepole. Alitoka ndani akiwa amepungua, mashati yakimning'inia, na vidole vyake kwa mara ya kwanza vikafanana na mwili wake. Ruzuku yake ilichelewa, ikafika wakati ambapo mkewe alikuwa amekwisha kukopa kwa ndugu zake wote wa karibu na kuanza wa mbali. Mama Kufuli alipokwenda kumfungulia, alikuta wateja wamesimama mbalimbali wakingoja, ndevu zimewajaa.

"Wa kwanza ni nani?" aliuliza kinyozi.

"Yeyote," wakajibu, "mradi ufungue kabla hatujawa wazee."

Mwenye vipuri alirudi pia, na wengi wengine. Si wote. Milango miwili mitatu ilibaki na utando wa buibui, na mmoja wa wenyewe hakurudi kwa sababu alikuwa amezikwa. Kibanda cha mwisho wa mtaa kilipata mpangaji mwingine, muuza vocha za simu. Fundi viatu hakuweza kuendelea kulipa kodi kwa muda wote ule, akakiachia bila maneno. Alikuja siku moja na mkokoteni, akachukua ubao, kalibu za kuundia viatu na kile kiti cha wateja, akaondoka.

Mama Kufuli aliyasikia hayo kwa watu. Aliingoja Jumapili, akachukua jozi ya viatu vyake vya kazini, vile vilivyomtembeza mtaa mzima mwaka ule hadi soli zikawa karatasi, akaenda uchochoro wa nyuma. Fundi alikuwa kibarazani kwake, ubao mapajani, viatu vichache vimepangwa ukutani. Ndani mkewe alisikika akiimba kwa sauti ya chini akipanga vyombo. Kifua kilikuwa kimempa nafuu.

"Karibu," fundi alisema, akamsogezea kiti.

Akaketi.  Njiani alikuwa amepanga maneno, na sasa yote yalionekana ya kitoto.

"Nilikuja na kufuli siku moja," alisema mwishowe. "Kibandani. Wewe hukuwepo."

"Najua. Fundo lilikuwa limevutwa kidogo."

"Nikiwaza, naona labda ningekufungia. Ungekuwa bado pale."

Fundi akavichukua viatu alivyoletewa, akavigeuza, akabonyeza soli kwa kidole, akanusa gundi ya zamani. 

"Labda," alisema. "Hata mimi nimewahi kuwaza hivyo, siku ambazo hapakuwa na kitu jikoni. Nikakulaani kidogo kwamba hukufunga." Akatua kiatu chini. "Ungefunga, ningekulaani zaidi. Sasa utafanyaje?"

 Mtu alipita uchochoroni na baiskeli, akamsalimia fundi, akaahidi kuleta ndara za mwanawe.

"Wateja wanafika huku?" Mama Kufuli akauliza.

"Wachache. Wanaonijua." Akakwaruza kisigino cha kiatu kwa ukucha. "Hivi vimekufa kabisa. Umevitembelea au umelima navyo?"

"Vimetembea."

"Naona. Nitaweka soli mpya, na hapa pembeni nitashona, gundi peke yake haitakaa." Alivifunga pamoja kwa kamba za vyenyewe, akaviweka upande wa vile vinavyongoja. "Hapa hapahitaji leseni, au panahitaji?"

Mama Kufuli alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuweza kujua, uso wa fundi ulikuwa umetulia vilevile. Sheria aliijua: hata kibaraza, kikiwa na kazi ya malipo, kina leseni yake, ya daraja la chini.

"Panahitaji," alisema. "Nitakuletea fomu ya kujaza."

"Ilete," fundi akasema. "Nitaiweka mahali pake."

Mkewe akatoka na birika na vikombe, akamsukumia mgeni kimoja bila kumuuliza kama anakunywa.